Kuku wa Mgeni wa Serikali

Kazi yangu ilikuwa kushuku watu, na niliifanya vizuri. Nasema mapema asije mtu akasoma hapa akitafuta mama mpole wa ustawi wa jamii. Mtu alipoomba fedha za serikali za watu wenye ulemavu mkubwa, mimi ndiye niliyetumwa nyumbani kwake kuona kama ulemavu upo, kama mgonjwa mwenyewe yupo, na kama umaskini uliomo chumbani ni wa kweli au umeletwa asubuhi hiyo. Sasa nimestaafu. Nimerudi kwetu Dagoretti, kwenye kipande cha shamba la baba kilichobaki katikati ya ploti za kupangisha, na bado mtu akibisha mlango namtazama miguu kabla ya uso. Vijana wa ofisi mliniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi. Mambo ya vyeo na mishahara mtauliza wengine.

Siku ya kwanza nilifika ofisini mjini nikiwa nimevaa viatu vya kisigino. Ofisi ilikuwa ghorofa ya nne, na lifti ilikuwa imebandikwa karatasi ya kusema inatengenezwa. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai, nikajua hiyo lifti haitengenezwi. Kwenye ngazi niliwapita wanaume watatu waliovaa suti, kila mmoja ana bahasha ya kaki, na mmoja akaniuliza kwa heshima sana, "Mama, ni fomu ya ulemavu? Mimi naweza kukufanyia haraka." Nilimwambia mimi ndiye nitakayekuwa nikizipokea hizo fomu. Hakuona haya, alitabasamu na kuniuliza jina langu, eti tujuane. Kikulacho ki nguoni mwako. Hawa mabroka walikuwa wakijua mambo ya ofisi yetu kabla sisi wenyewe hatujaambiwa, na hadi naondoka sikupata kujua nani aliyekuwa akiwaambia, ingawa nina watu wangu ninaowadhania.

Aliyenipokea juu alikuwa Mzee Zablon, mtu wa kutoka upande wa Kakamega, mrefu, mwenye sauti ya chini, ambaye alikuwa ametembea vyumba vya watu kuanzia Jamhuri hadi mwisho wa Dagoretti kwa miaka mingi. Aliangalia viatu vyangu.

"Wairimu, hivi ni vya kanisa," akasema. "Peleka kanisani."

Kesho yake alinipa vifaa vya kazi. Vilikuwa viwili tu, gamubuti na tochi. Gamubuti kwa sababu ya matope ya Dagoretti, hasa njia zile za nyuma ya vichinjio, ambako maji hayana rangi unayoweza kuieleza mbele ya watu. Tochi kwa sababu vyumba vingi havina dirisha. Nilidhani tochi ni ya kumulika mgonjwa. Mzee Zablon akasema hapana, mgonjwa utamwona, tochi ni ya sakafu.

"Ukiingia kwa mtu, usianze na uso yake," alinifundisha. "Uso imejua unakuja. Anza na sakafu. Sakafu hakuna mtu ameambia."

Siku hizo nilimwona kama mzee mwenye vituko. Halafu akanipeleka kwenye chumba kimoja ambacho ndani hamkuwa na kitu isipokuwa kigodoro, sufuria mbili na mama aliyekuwa akilia. Mimi nilikuwa karibu kulia naye. Mzee Zablon akamulika kapeti ya plastiki iliyotandikwa chini, akaonyesha mashimo manne ya miguu ya kiti kizito, na mengine manne, na mstari mrefu ukutani ambapo rangi ilikuwa safi kuliko kwingine. Alitoka nje, akaenda kwenye chumba cha tatu, akainua shuka, na chini yake kulikuwa na sofa, kabati na friji. Mama akaacha kulia akaanza kutukana. Tangu siku hiyo sikuingia nyumba ya mtu bila tochi, hata mchana wa jua kali.

Kulikuwa na mengine ya aina hiyo, siwezi kuyamaliza. Palikuwa na mtoto aliyekuwa hawezi kuketi wala kusema, ambaye nilionyeshwa Jumatatu kwa jina la Brian, na Alhamisi nikaonyeshwa tena mtaa mwingine kwa jina la Samuel, sweta ile ile ya kijani, mama tofauti. Mtoto alikuwa mgonjwa kweli, ila alikuwa ameazimwa. Ile iliniuma kuliko udanganyifu mwingine wote, kwa sababu mtoto mwenyewe alinitambua akanichekea. Na palikuwa na yule mzee wa Jamhuri aliyeomba kwa sababu ya upofu, nami nikamwona akiruka mtaro mlangoni pake bila fimbo. Nilirudi ofisini nimejaa furaha ya kumshika mwizi. Mzee Zablon akaniuliza, "Huo mtaro uko kwake tangu lini?" Alimchukua yule mzee tukaenda naye hadi kwenye maduka ya Adams Arcade, akamwacha katikati ya watu na makelele, na mzee akasimama pale akishika hewa kwa mikono miwili. Alikuwa kipofu kabisa. Shuku, lakini shuku hadi mwisho, usishuku nusu ukaenda nyumbani.

Sheria ya pili ya Mzee Zablon ilikuwa fupi. Usile. Usinywe hata maji. Nilidhani ni mambo ya hongo, akasema hongo ni kitu kidogo.

"Kwetu mgeni anachinjiwa kuku," akasema. "Ukikula kuku ya mtu, huwezi kumwambia hapana. Na ukimwambia ndiyo, hujui kama ni wewe umesema ama ni kuku imesema."

Basi kwa miaka yote hiyo sikula katika nyumba ya mwombaji. Walikasirika wengi. Bibi mmoja wa Jamhuri alinifuata hadi barabarani na kikombe cha uji, akisema mimi nina kiburi cha Wakikuyu. Nilikivumilia hicho kiburi, nikaenda zangu.

Mzee Zablon alistaafu, akarudi kwao. Tukaletewa tableti za kupigia picha na kujazia majibu, na vijana wenye digrii wa kuzitumia. Mmoja wao alikuwa Kelvin, kijana wa Kiambu, safi, mwepesi, mwenye adabu nzuri, na ndiye ninayetaka kumzungumzia, kwa ruhusa yake. Mimi wakati huo nilikuwa nimepewa kazi ya kuangalia upya nyumba ambazo vijana walikuwa wamezikataa. Wenzangu waliona ni adhabu. Mimi niliipenda, kwa sababu sasa nilikuwa nashuku pande zote mbili.

Siku moja nikafika kwenye nyumba ya Fredrick. Nawaeleza kama nilivyoisoma kwanza. Mwanamume wa makamo, kazi ya mjengo, alianguka kutoka kwenye jukwaa la jengo huku upande wa barabara ya Ngong, mwili umekufa kuanzia kifuani kushuka, mikono dhaifu. Madaktari watatu wa hospitali ya serikali walikuwa wametia sahihi. Anaishi na dada yake, Rosebella, mzaliwa wa Vihiga kama yeye, anayefulia watu nguo Jamhuri. Kelvin alikuwa amekwenda, akathibitisha ulemavu, kisha akakataa kwa sababu ya hali ya nyumba: sofa ya watu watano, televisheni kubwa, vyombo vya kauri, na kwamba siku ya ziara walikuwa wanakula kuku.

Nilimwita. "Hii nyumba una hakika nayo?"

"Madam, hiyo iko clear," akasema. "Picha ziko. Hao watu wako sawa kuliko mimi."

Nilitazama picha muda mrefu. Sofa ilikuwa nzuri, ya kahawia, ina vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa mkono, na mguu mmoja ulikuwa umevunjika ukawekewa kipande cha mbao. Hicho si kitu. Lakini kona ya picha ilionyesha mlango wa chumba, na mlango ulikuwa umefunguka nusu, umeegemea mkono wa sofa. Nikajiuliza, hawa humtoaje mgonjwa nje? Mtu asiyetembea hubebwa na watu wawili, na watu wawili hawapiti penye mlango nusu. Hakuna mtu anayeishi na mlango usiofunguka. Ama mgonjwa hatoki, ama sofa haikai hapo.

Nilikwenda bila kutangaza siku. Rosebella nilimkuta mlangoni akikamua shuka, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyojaa nyufa za sabuni. Aliponiona na gamubuti na beji, uso wake ulibadilika, na mara moja nikaanza kumshuku. Mlango ulifunguka wote. Ndani hamkuwa na sofa wala televisheni. Palikuwa na kitanda, pazia, jiko, jerikeni mbili na ndoo iliyopinduliwa.

Basi moyo wangu ukafanya kama ulivyozoea. Nilijua nimewapata. Walikuwa wamekataliwa kwa sababu ya sofa, sasa wameificha. Nikawasha tochi.

Sakafu ilikuwa ya simiti, nyeusi kwa moshi na mafuta. Chini ya kitanda kulikuwa na alama nne nyeupe za miguu ya kitanda, za miaka. Chini ya jiko kulikuwa na duara lake. Nilitafuta alama za sofa ukutani, katikati, karibu na mlango. Hazikuwapo. Nilipiga magoti nikapapasa kwa kidole. Nilichoona ni mikwaruzo mipya tu, kutoka mlangoni kuingia ndani, na mingine kutoka ndani kwenda mlangoni. Kitu kizito kilikuwa kimeingia na kutoka, hakikukaa.

"Madam, unatafuta nini hapo chini?" Sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Kama ni panya, iko. Na sijaifundisha stori ya uongo, unaweza kuiuliza."

Huyo alikuwa Fredrick. Nilifungua pazia. Alikuwa amelala ubavu, mwembamba, ndevu zimenyolewa vizuri, na chini ya blanketi miguu ilikuwa imekaa jinsi ilivyowekwa. Chumba hakikuwa na harufu mbaya. Mtu aliyelala hivyo miaka, na hakuna harufu, maana yake kuna mtu anayemgeuza na kumwosha mchana na usiku.

"Sofa iko wapi?" nikamuuliza.

Akamtazama dada yake. Rosebella akaendelea kukamua shuka ambalo halikuwa na maji tena.

"Rose, mwambie madam," Fredrick akasema.

"Sina kitu ya kusema," dada akajibu.

Nilitoka nikaanza kuzunguka ploti. Mwenye ploti aliishi nyumba ya mbele, mama mnene aitwaye Mama Kamau, na sofa ilikuwa sebuleni kwake, vitambaa vyeupe, kipande cha mbao chini ya mguu. Kapeti yake ilikuwa na mashimo marefu kama vidole. Alisema ni yake, ya miaka, na kwamba Rosebella aliomba kwa siku moja pamoja na televisheni na sahani, vijana wa ploti wakasaidia kubeba. Na kuku je? Kuku alitoka kwa kina mama wa kanisa lao. Sikumwamini Mama Kamau kwa sababu wenye ploti nawajua, nimezaliwa nao. Niliamini mashimo.

Nilirudi kwa Rosebella nikiwa na hasira ambayo sikujua naielekeza kwa nani. "Mama, watu wote huficha sofa nikija. Wewe umeileta?"

Aliweka shuka kwenye beseni. "Huyo kijana alipiga simu akasema serikali inakuja kwetu," akasema. "Sasa serikali ikuje, nitaikalisha kwa ndoo? Mama yetu alikuwa anatuambia, mgeni akikaa chini, ni wewe umelala chini. Nilimpikia. Firigisi yenyewe nilimwekea yeye, na hiyo kwetu ni ya mwenye nyumba. Fred ndiye alisema apewe."

"Na alikula?"

"Alikula vizuri sana," Fredrick akasema. "Alishukuru hata. Ana tabia mzuri huyo kijana."

Niliketi kwenye ile ndoo. Sikuketi kwa sababu ya kuchoka. Nilikuwa nimejifunza miaka yote kumkamata mtu anayejifanya maskini, na sikuwa nimefundishwa wala kufundisha mtu yeyote namna ya kumwona maskini anayejifanya anacho, si kwa kumdanganya mtu, bali kwa sababu mgeni ni mgeni. Nikawauliza ikikataliwa kabisa watafanya nini. Rosebella akasema hawezi tena kumwacha Fredrick peke yake akaenda kufua, kwa sababu vidonda vya mgongo vilianza juzi alipochelewa kurudi. Hizo fedha zingemkalisha nyumbani. La sivyo itabidi ampeleke Vihiga kwa mjomba, na huko hakuna wa kumgeuza.

"Huko nitakaa wiki ngapi, Rose?" Fredrick akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya sukari.

Mjini nilimkalisha Kelvin chini. Nilimwambia yote. Alishika kichwa.

"Madam, mimi nilikula juu kukataa ni madharau," akasema. "Kwetu ukikataa chakula ya mtu umemtusi."

"Nakubali. Lakini ulikula kuku, ukapangusa mdomo, ukaandika kwamba wao wanakula kuku. Ushahidi wenyewe ulikuwa tumboni mwako."

Hakucheka, na mimi sikuwa nimesema ili acheke.

Nilibadilisha uamuzi, lakini uamuzi wangu haukuwa wa mwisho. Mnajua taratibu. Majina yote husomwa barazani kwa chifu, mbele ya majirani, na jirani yeyote akipinga kwa sababu nzuri, jina hutoka. Afisa haruhusiwi kumtetea mtu wala kumfundisha maneno ya kusema. Niliiamini sheria hiyo, kwa sababu bila hiyo kila afisa angekuwa na watu wake. Nilimwambia Rosebella tu kwamba huenda akaulizwa kuhusu sofa, na ajibu ukweli. Akasema, "Mbele ya watu wote?" Nikaona uso wake umefunga kama duka la Jumapili, nikarudi nyumbani nikijua kwamba huyu mwanamke atamuua ndugu yake kwa aibu.

Baraza lilikuwa kwenye uwanja wa chifu, watu wameketi kwenye viti vya plastiki vya kanisa la jirani, kila kiti kimeandikwa herufi za kanisa mgongoni kwa rangi nyekundu. Kelvin alikaa nyuma, amevaa kofia. Naibu wa chifu alisoma majina moja moja. Wengi walipita kwa makofi. Lilipofika la Fredrick, mwanamume mmoja akainuka, wa ploti ya pili, wanamwita Baba Shiro. Namjua vizuri. Mama yake mwenyewe, mwanamke aliyepooza, alikuwa kwenye orodha ya kungojea, na nafasi zilikuwa chache. Sikumlaumu kwa kutaka. Nilimshuku kwa jinsi alivyotaka.

"Hiyo nyumba iko na sofa na TV," Baba Shiro akasema. "Mimi niliona kwa macho yangu ikiingia. Hata jioni kulikuwa kunanuka kuku ploti mzima. Sasa tunasaidia watu wanakula kuku?"

Watu wakageuka. Rosebella alikuwa ameketi safu ya tatu, kitambaa kichwani, macho chini. Naibu wa chifu akauliza kama kuna wa kujibu. Nilimtafuta Mama Kamau kwa macho. Alikuwa ameniambia atakuja. Hakuwa amekuja, na nikasema moyoni, nilijua. Nilishika tochi iliyokuwa mfukoni kwa nguvu mpaka kitufe kikabonyea. Niliogopa. Sijui kama nilikuwa nimeogopa namna hiyo kazini tangu siku ya viatu vya kisigino.

"Kama hakuna," naibu wa chifu akaanza.

Pengine ingeishia hapo kama Baba Shiro angeketi. Lakini mtu akishaona anashinda, huongeza chumvi. "Na tena huyo mgonjwa mwenyewe," akasema, "nani anajua ni ndugu yake? Siku hizi watu wanaazima hata wagonjwa."

Rosebella akasimama. Alisimama haraka mpaka kiti cha plastiki kikaanguka nyuma yake.

"Sofa niliazima," akasema. Sauti ilifika hadi kwenye ua. "Kwa Mama Kamau. TV niliazima. Sahani, vijiko, hata hiyo kitambaa ya mlango niliazima. Kuku nilipewa na kina mama wa kanisa, wako hapa, waulizeni. Niliambiwa serikali inakuja kwangu na sikuwa na kiti. Hiyo ndiyo makosa yangu, mniandikie. Lakini Fred sikuazima. Fred nilimbeba mgongoni nikiwa msichana mdogo, na bado namgeuza usiku. Mwenye anataka kumuazima akuje, nimpatie wiki moja."

Kisha mwanamke mmoja mzee wa Kikuyu, aliyekaa mbele na fimbo yake, akamgeukia Baba Shiro bila kuinuka.

"Wewe Baba Shiro," akasema, "siku ya ruracio, ukipokea mahari ya msichana wako, wageni walikaliaga viti za nani?"

Kina mama wakaanza kucheka, kwanza wachache, halafu safu nzima. Baba Shiro akatazama kiti alichokuwa amesimama mbele yake, chenye herufi nyekundu za kanisa, akaketi. Naibu wa chifu akauliza kama pingamizi lipo. Halikuwapo. Jina likapita. Mama Kamau akafika wakati watu wanatawanyika, anahema, anasema gari lilimchelewesha. Mimi bado siamini hiyo habari ya gari.

Mama yake Baba Shiro aliingia katika awamu iliyofuata. Nilikwenda kwake na tochi, na alistahili. Kelvin naye siku hizi habebi chakula cha mtu tumboni mwake, na hupiga picha ya mlango kabla ya kiti. Nimemwona akipapasa sakafu kwa kidole na sikumwambia kitu, nilifurahi tu.

Kwa Fredrick nilirudi mara kadhaa bila kutangaza, kuhakikisha fedha zinamfikia yeye na haziishii kwingine. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, nami nilikuwa nimeona ndugu wengi wakimla mgonjwa wao. Kila mara nilimkuta amegeuzwa, amenyolewa, na Rosebella yuko nyumbani. Kila mara aliniletea chai, na kila mara nilikataa, naye akaimwaga mbele yangu.

Wiki niliyostaafu alipiga simu. Akasema amesikia nimeacha kazi, na kwamba nikuje Jumamosi, kama mtu. Nilivaa viatu vya kanisani. Tochi niliiacha nyumbani, ingawa nilirudi mlangoni mara mbili kuiangalia.

Mlango wao ulifunguka nusu tu. Nilipita ubavu, na ndani ilikuwepo sofa ya kahawia yenye vitambaa vyeupe, na kipande cha mbao chini ya mguu. Macho yangu yakaenda chini yenyewe.

"Madam," Fredrick akasema kutoka kitandani, pazia limefunguliwa lote, "na bado?"

"Ni mazoea," nikamwambia. "Hii ni ya Mama Kamau?"

"Ni yake," Rosebella akasema. "Sasa ungekalia nini?"

Nikaketi. Alileta kuku na ugali, akaninawisha mikono, na kwenye sahani ndogo pembeni aliweka firigisi, akampelekea ndugu yake kama inavyotakiwa. Fredrick hakufungua mdomo. Alimwonyesha kwa macho upande wangu.

"Hiyo si yangu leo," akasema. "Mpe mgeni."

Nilimweleza kwamba mimi ni mwanamke, na Mkikuyu, na kwamba nimeambiwa hiyo ni ya mwenye nyumba.

"Mwenye nyumba ndiye anasema," Fredrick akanijibu. "Kula, madam. Leo hakuna fomu."

Niliichukua kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza katika vyumba vyote nilivyopata kuingia, nikala.